Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Kutunza Mafaili ya Madrasa Katika Kompyuta Yenye Windows na Linux



 



Wazazi wengi wanaofika ofisini hutuuliza maswali mawili kuhusu kompyuta za madrasa. La kwanza, kwa nini zikiwashwa zinauliza kwanza kama tunataka Windows au Linux. La pili, inakuwaje kazi aliyoiandika mtoto Jumamosi isionekane Jumapili katika kompyuta ile ile. Wako waliofikia kumgombeza mtoto wakidhani amesema uongo. Tumeona mwaka huu tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna suala la amana, na amana hiyo ni ya watoto wenu na ya kwenu pia.

KWA NINI MIFUMO MIWILI

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta haifanyi kazi kwa vyuma vyake peke yake. Inahitaji programu mama inayoamrisha skrini, kibodi, diski na printa. Programu hiyo ndiyo tunayoiita mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo wa kampuni ya Microsoft, na ndio uliozoeleka katika ofisi na maduka mengi ya steshenari hapa Tarime na kule Mugumu. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, nayo hutolewa bure. Aina ya Linux tunayoitumia inaitwa Ubuntu. Ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lake ni la lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, maana yake utu.

Wala mambo haya si mageni kwetu Waswahili. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika mkoa wetu wa Mara, wilaya za Bunda na Serengeti zilichaguliwa katika miaka hiyo ya 2000 kuwa mahali pa kujaribia mtandao wa kasi kwa vijijini, kazi iliyofanywa na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam pamoja na chuo cha KTH cha Sweden. Na Waislamu nao walipata Ubuntu yao: kuanzia mwaka 2007 palikuwa na toleo lililokuja kuitwa Sabily, lenye programu ya kusomea Qur'ani iitwayo Zekr na nyingine ya nyakati za sala iitwayo Minbar. Toleo hilo lilikoma mwaka 2011.

Sisi tuliweka Linux kando ya Windows mwaka 2019, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, printa yetu inakubali Windows tu, hivyo Windows hatuwezi kuiacha. Pili, virusi vya flashi vilikuwa vinatusumbua mno. Mwanafunzi anakuja na flashi aliyoichomeka katika duka la kuchapa, akiifungua katika Windows anakuta folda zake zote zimegeuka vijipicha vya njia ya mkato, na akibofya kimoja, virusi vinaingia. Flashi hiyo hiyo ukiifungua katika Linux, folda halisi zilizofichwa huonekana wazi, na virusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows hukaa tu bila kufanya kazi. Tatu, kompyuta zetu ni za kupewa na wahisani na umri wake ni mkubwa. Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali kompyuta za umri huo. Linux inazikubali.

Basi tukawa na mafahali wawili katika zizi moja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi watu wa nchi ya ng'ombe tunaijua maana yake kwa macho. Katika kompyuta wanakaa kwa sharti kwamba anayesimama ni mmoja tu kwa wakati. Ukiwasha, unachagua, na mwenzake anabaki nje mpaka uzime.

KOMPYUTA MOJA, VYUMBA MBALIMBALI

Diski ya kompyuta yenye mifumo miwili hugawanywa sehemu, na kila sehemu huitwa patisheni. Fikirieni nyumba moja yenye vyumba. Windows ina chumba chake na Linux ina chake.

Tatizo ni kwamba kila mmoja anapanga vitu chumbani kwa mtindo wake. Windows hupanga kwa mtindo uitwao NTFS, ulioanza mwaka 1993. Linux kwa kawaida hupanga kwa mtindo uitwao ext4. Linux imejifunza kusoma na kuandika mtindo wa mwenzake. Windows yenyewe haisomi ext4 mpaka isaidiwe na programu ya pembeni.

Wanafunzi wetu wa Sirari wataelewa haraka. Ukivuka pale kwenda Isebania na shilingi ya Tanzania, wako wafanyabiashara watakaoipokea kwa sababu wamezoea pesa zote mbili. Lakini ukiingia ndani zaidi ya Kenya, muuza duka ataigeuza noti, ataitazama, kisha atakurudishia. Pesa yako ni halali na thamani yake ipo. Yeye hana njia ya kuitumia.

Hii ndiyo sababu kazi ya mtoto ya Jumamosi haikuonekana Jumapili. Aliiandika akiwa katika Linux, akaihifadhi katika chumba cha Linux. Siku ya pili akawasha Windows, na Windows haikijui chumba kile. Kazi ipo, haijapotea, na mtoto hakusema uongo.

YALIYOTUKUTA MWAKA 2021

Hilo la kutoonekana ni usumbufu mdogo. Lililotupata Aprili 2021, siku chache kabla ya Ramadhani, lilikuwa zito.

Rejista yetu ilikuwa upande wa Linux, kwa ajili ya ile hofu ya virusi. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanafunzi, juzuu alizohifadhi kila mmoja, ada zilizolipwa, na madeni ambayo madrasa inadaiwa. Windows ikaharibika, na kompyuta ikapelekwa kwa fundi, ambaye hatumtaji. Fundi alipofungua orodha ya patisheni kupitia Windows, aliona eneo kubwa lisilo na jina wala alama ya faili hata moja. Kwa macho ya Windows, chumba cha Linux kilikuwa kitupu. Akakifuta, akaipanua Windows ienee diski nzima, akaturudishia kompyuta ikiwa safi na yenye kasi.

Nakala iliyokuwapo katika flashi ilikuwa ya Septemba 2020. Kwa hiyo miezi saba ya kazi iliondoka.

Kuhusu hifdhi, ilibidi kila mwanafunzi asikilizwe upya mbele ya walimu wawili. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Wengi walipita, Alhamdulillah. Lakini kijana mmoja aliyekuwa ameshakubaliwa juzuu kumi alikwama katika ya tisa kwa woga, na hatukuwa na karatasi ya kumtetea. Alirudia. Kuhusu ada, tulipokea kauli ya kila mzazi bila kudai stakabadhi.

Lililotukosesha usingizi lilikuwa deni moja. Mzee mmoja, mfanyabiashara na rafiki wa madrasa, alitukopesha mabati na mbao vyenye thamani ya shilingi 1,800,000 tulipoezeka darasa la wasichana. Alifariki dunia Desemba 2020, Allah amrehemu, akaacha mjane na watoto wadogo. Nakala ya flashi ilionyesha kwamba hadi Septemba tulikuwa tumelipa 700,000. Baada ya hapo palikuwa na malipo mengine yaliyoandikwa katika rejista. Mhazini alikumbuka mawili, huenda matatu, ya shilingi 150,000 kila moja. Mjane hakujua chochote, kwa kuwa marehemu alikuwa akipokea pesa msikitini na kuzitia mfukoni kwa uaminifu wa kindugu.

Kamati ilikaa baada ya sala ya Isha. Mmoja akasema tukate 300,000, maana mhazini ana uhakika nazo. Mwingine akauliza, ushahidi uko wapi? Sote tunaijua ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inayotuamrisha tuandike madeni, na imewekwa kwa ajili ya siku kama ile. Mwisho kamati iliamua kwamba kile tusichoweza kuthibitisha kuwa tumelipa, tukihesabu hatujalipa. Warithi walilipwa shilingi 1,100,000 kamili, kwa awamu, hadi mwaka 2022. Kama kuna kilichozidi, basi ni sadaka kwa mayatima. Ni afadhali madrasa ilipe mara mbili kuliko mtoto aliyefiwa na baba apungukiwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulikuwa na daftari, ila lilikaa mahali ambapo mfumo wa pili haukuweza kuliona, na ndiyo sababu likafutwa bila onyo.

CHUMBA CHA TATU

Baada ya hapo tulipanga upya. Diski tuliigawa sehemu tatu: ya Windows, ya Linux, na ya tatu tuliyoipa jina AMANA. Katika Windows inaonekana kama diski D. Katika Linux inafunguka yenyewe kila tunapowasha, kwa kuwa tumeiandikisha katika faili la /etc/fstab. Kazi zote za madrasa hukaa humo, na vyumba viwili vya kwanza vimebaki kwa ajili ya mifumo yenyewe. Fundi yeyote akifungua kompyuta kwa mfumo wowote, anakuta jina na anakuta mafaili ndani.

Swali lilikuwa ni mtindo gani tuutumie katika chumba hiki. Tulipima mitatu.

Wa kwanza ni FAT32. Huu unasomwa na kila kitu, hata redio za kuchomeka flashi. Lakini haupokei faili moja linalofikia GB 4, na video ya mahafali yetu inavuka hapo kwa urahisi. Tena umeme ukikatika katikati ya kuandika, hauna kumbukumbu ya ndani ya kujirekebishia.

Wa pili ni exFAT. Huu unapokea mafaili makubwa, na tangu Microsoft ilipouweka wazi mwaka 2019, Linux imeupokea vizuri. Unafaa sana kwa flashi na diski za nje. Lakini nao hauna ile kumbukumbu ya kujirekebisha, na umeme wa huku tunaujua.

Wa tatu ni NTFS, na huu ndio tulioutumia. Ni mtindo wa Windows, lakini tangu mwaka 2007 ilipotoka imara programu ya ntfs-3g, Linux inauandika bila shida. Zamani Linux iliweza kuusoma tu, na kuuandika kulikuwa hatari. Umeme ukikatika, tunawasha Windows kwanza ili ikague diski yake yenyewe, kisha ndipo tunaingia Linux.

FAHALI ALIYELALA

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye kompyuta ya aina hii lazima alijue. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ukiizima kwa kawaida haizimi kabisa. Inahifadhi sehemu ya hali yake katika diski ili kesho iwake haraka. Mpangilio huo unaitwa Fast Startup. Kwa anayetumia Windows peke yake hauna neno. Kwa mwenye mifumo miwili, ni kama fahali uliyedhani umemtoa zizini kumbe amelala kando ya hori. Ukimleta mwenzake akaanza kula, yule wa kwanza akiamka watagombana, na kinachoumia ni chakula, yaani mafaili yenu.

Linux ikiona alama kwamba Windows haikufunga vizuri, hufungua chumba kwa kusoma tu na hukataa kuandika. Watu hudhani kompyuta imeharibika. Ukweli ni kwamba inawalinda.

Mwaka 2023 familia moja ya wanafunzi wetu ilihamia Mugumu. Baba alitangulia, na mama alikuja Ijumaa baada ya Magharibi kuomba barua ya binti yake, kwa sababu gari la kupitia Nyamongo lingeondoka alfajiri. Binti alikuwa amemaliza juzuu ya 12 jioni ile ile, na tulitaka iingie katika rejista ili madrasa ya huko isimrudishe nyuma. Tulikuwa katika Linux, na kila tukihifadhi, inakataa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu, hodari wa kompyuta, akasema anaijua amri ya kulazimisha. Amri hiyo ipo kweli, nayo hufuta ile hali iliyohifadhiwa na Windows, pamoja na chochote ambacho Windows ilikuwa haijamaliza kukiandika.

Tulimzuia. Tungeweza kumalizia kazi katika Windows, lakini tulitaka vijana waliokuwapo waione sababu. Tukawasha Windows, tukachagua Restart badala ya kuzima, kwa kuwa Restart hufunga mambo yote kikamilifu. Tukaingia Linux. Chumba kikafunguka, tukaandika juzuu ya 12, kazi ikahifadhika. Zoezi zima halikufika dakika kumi, na mama aliondoka na barua.

Kesho yake mpangilio ule ulizimwa katika kompyuta zote. Unaupata ndani ya Control Panel, sehemu ya Power Options, pale pa kuchagua kazi ya kitufe cha kuzimia. Toa alama ya tiki kwenye Fast Startup, hifadhi, basi.

MAJINA YA MAFAILI

Wanafunzi, hapa mtusikilize vizuri. Linux inakubali karibu kila alama katika jina la faili. Windows inakataa alama tisa: mkwaju wa mbele na wa nyuma, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mabano mawili yenye ncha, na mstari wa wima.

Mwanafunzi anayeandika tafsiri ya Ayatul Kursiy akiwa katika Linux hulipa faili lake jina "Baqara 2:255". Ni jina zuri, na ndivyo tunavyoandika namba za aya. Lakini Windows haitalifungua, kwa sababu ya zile nukta mbili. Andika "Baqara 2-255", hapo pande zote zitakubali. Katika kompyuta za madrasa tumeongeza neno windows_names kwenye mstari wa patisheni ya AMANA, na sasa Linux yenyewe hukataa jina ambalo Windows haitaliweza.

Vilevile, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake "Ada" na "ada" ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja, na likiwapo la pili hutajua umefungua lipi. Kwa hiyo tumekubaliana majina yote yaandikwe kwa herufi ndogo pamoja na tarehe, mfano: ada-2025-03-14.

SAA NA NYAKATI ZA SALA

Jambo hili liliwashangaza wengi. Kompyuta ina saa ndogo ya ndani inayoendelea kutembea hata ikizimwa. Windows huiacha saa hiyo ionyeshe saa za hapa kwetu. Linux huirekebisha ionyeshe saa ya dunia, ile ya Greenwich, kisha yenyewe huongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Ukitoka Linux ukaingia Windows, Windows inaikuta saa ya dunia na kuidhania ya Tarime. Unakuwa nyuma saa tatu. Ukitoka Windows kuingia Linux, unakuwa mbele saa tatu. Intaneti ikiwapo hujirekebisha baada ya muda, lakini si kila siku intaneti ipo.

Tulikuwa na programu ya adhana upande wa Windows. Adhuhuri ya hapa huingia kabla kidogo ya saa saba mchana. Siku moja adhana ya Adhuhuri ililia kabla kidogo ya saa kumi, wakati Alasiri yenyewe inabisha hodi. Watoto walicheka, na mwadhini wetu hakupendezwa.

Ubaya kwa mafaili ni huu. Kila faili hupigwa muhuri wa saa lilipohifadhiwa. Saa ikiwa imekosea, faili la zamani linaweza kuonekana jipya kuliko lililofuata. Mkiwa na nakala mbili za rejista, mtaitupa ipi? Dawa yake ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Baada ya hapo mifumo yote miwili huisoma saa kwa namna moja.

MAANDISHI YA KIARABU

Faili likifunguka pande zote, bado kuna suala la kusomeka. Mtihani ulioandikwa kwa Kiarabu upande mmoja ukifunguliwa upande mwingine, harakati zinaweza kusogea, na mistari ikavunjika mahali pasipofaa. Mara nyingi sababu ni fonti: aina ya herufi iliyotumika huku haipo kule, na kompyuta imeweka nyingine inayofanana nayo.

Tulichofanya ni kuweka LibreOffice katika mifumo yote miwili, na fonti ile ile pia. Tunatumia Amiri, fonti ya bure iliyofuata umbo la herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri. Kazi ikiwa tayari kwa kuchapwa tunaigeuza kuwa PDF, kwa sababu PDF hubeba fonti zake ndani yake. Ama maandishi ya Qur'ani Tukufu, mwanafunzi asiyaandike kwa mkono wake katika kibodi. Tunayachukua kutoka mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kupata maandishi ya Qur'ani ya kompyuta yaliyohakikiwa. Wenye mradi wanaruhusu kila mtu ayanakili, kwa sharti kwamba asibadilishe kitu. Sharti hilo tunaliona ni zuri, na ndilo tunalowafundisha watoto kuhusu kunakili kwa jumla.

NAKALA YA AKIBA

Ndugu zetu, chumba cha pamoja hakitoshi. Kiko ndani ya diski ile ile. Diski ikifa, vyumba vyote vitatu vinakufa pamoja, na mwizi akichukua kompyuta hakuachii patisheni.

Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya Alasiri walimu wawili hunakili AMANA katika diski ya nje, na diski hiyo hailali madrasani. Kila mwisho wa mwezi ukurasa wa madeni na ada huchapwa, husainiwa na mhazini na shahidi mmoja, na huwekwa katika faili la karatasi. Karatasi haiulizi Windows wala Linux. Na kila kompyuta inayopelekwa kwa fundi hubandikwa karatasi yenye maneno haya: "Ina mifumo miwili. Usifute patisheni yoyote kabla ya kupiga simu."

USIA WETU

Wanafunzi, mnaposoma kompyuta hapa jiulizeni maswali manne kila mnapohifadhi kazi: nimeiweka mahali ambapo pande zote zinafika? Jina lake linasomeka pande zote? Nimefunga vizuri? Nakala ya pili iko wapi? Mwenye kuyajibu hayo hatalia siku ya mtihani.

Wazazi, tunawaomba mambo mawili. Mtoto akisema kazi yake haionekani, mleteni kwetu tuitafute naye kabla hajaadhibiwa. Na mnapolipa ada au kuikopesha madrasa chochote, daini stakabadhi hata kama anayepokea ni ndugu yenu. Hamtatuvunjia heshima. Mtatusaidia kutimiza lile tuliloamrishwa katika aya ya 58 ya Suratun Nisaa, kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, amrehemu mzee wetu yule na kuwalea vyema watoto wake, na atuwezeshe kuzitunza haki za watu mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu wa Fiqhi na msimamizi wa chumba cha kompyuta,
Tarime, Mara.